Utoro unaofuata mwezi

Wageni wakija shuleni kwetu, hapa pembezoni mwa Mwanza upande wa ziwani, hawakosi kusifia nidhamu. Wasichana hupiga goti kumsalimia mwalimu, wavulana huitikia wameinamisha macho. Mwalimu mmoja aliyehamia kutoka pwani aliyaona macho hayo akadhani ni kiburi. "Niangalie ninapoongea na wewe!" Kijana akazidi kuinama. Kwao Usukumani, kumkazia mkubwa macho ndiyo utovu wa adabu wenyewe.

Mimi sifa hizo huzipokea nusu nusu. Goti ni adabu, sawa, lakini daftari la mahudhurio lina habari zake. Lisome ukijua mwezi uko wapi. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wanapowasha taa majini, madawati ya nyuma ya kidato cha tatu hubaki wazi. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa tena, mitumbwi inapumzika, na watoro wangu wanarudi darasani wakisinzia. Si watukutu hawa. Kijana anayevuta nyavu na baba zake wadogo anahesabiwa mwanaume nyumbani, unga unanunuliwa kwa jasho lake. Halafu asubuhi anapigishwa magoti mstarini na kiranja aliye rika la mdogo wake. Fimbo itamfundisha nini? Na kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kisha viandikwe kitabuni. Vinavyochapwa na vinavyoandikwa, tunajuana.

Nilimsimulia haya mzee mmoja jirani yangu, sungusungu wa zamani, wale walinzi wa jadi wa vijijini, wa tangu walipoanza miaka ya 1980. Akanishangaa. "Mwalimu, kesi zenu haziishi." Kwao mkosaji aliitwa mbele ya wazee, akasikilizwa, akatozwa, pengine ng'ombe. Akikaidi anatengwa, hapewi hata kijinga cha moto. Akilipa, nyama inaliwa pamoja naye na jambo limekwisha. Sisi tunachapa Jumatatu, Ijumaa tunamsimanga, na mpaka anamaliza kidato cha nne bado anaitwa "yule mtoro".

Simtukuzi mzee wangu. Sungusungu walipiga watu, na wengine hawakuwa na hatia. Tena wapo wazee wanaoanza kuhesabu ng'ombe wa mahari binti akiwa bado kidato cha pili, japokuwa tangu 2016 sheria inampa miaka 30 jela anayeoa mwanafunzi. Binti aliyelelewa asimbishie mkubwa atamkataliaje mjomba wake? Atamshtaki vipi mwalimu? Hapo ndipo adabu ya kuinamisha macho inaponitia hofu, na hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza habari hiyo.

Hata hivyo nilimwomba yeye na wenzake waketi na kamati yetu ya nidhamu, siku za mbalamwezi, akina baba wakiwa nchi kavu. Alikubali kwa sharti moja: mwalimu akikosa naye aitwe, akae benchi lile lile.

Nimelifikisha kwa mkuu wa shule. Alicheka, akauliza kama wazee nao watadai posho ya kikao. La benchi hakuligusa. Nimeliweka kwenye ajenda ya kikao kijacho, likitangulia lile la posho.