Jino la Mbele Likitoka Ukubwani

Mtu mzima anayepoteza jino la mbele hushikwa na haraka ya kuziba pengo, na haraka hiyo ndiyo inayowafanya wengi wakubali tiba ya kwanza wanayotajiwa. Mimi nimepitia hali hiyo hapa Dodoma, nikiwa mwalimu ninayesimama mbele ya wanafunzi kila siku ya kazi, na tangu pengo langu lizibwe wenzangu wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale: je, jino la kuvaa na kuvua ni aibu, je, daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, linaharibu meno mengine, je, jino la kupandikiza kwenye mfupa wa taya ni la matajiri peke yao. Maswali hayo ni ya haki, lakini naamini lipo lingine linalopaswa kuyatangulia, nalo ni hali ya meno mawili yanayopakana na pengo. Ikiwa meno hayo ni mazima, hayajatoboka wala kuzibwa, basi mtu awe na sababu nzito sana kabla ya kuruhusu yasagwe ili kubeba daraja.

Jino langu lilikuwa la juu, la katikati, upande wa kushoto. Liliumia utotoni nilipoanguka na baiskeli kwenye njia ya changarawe kule Mpwapwa, likabadilika rangi taratibu kwa miaka mingi, likatibiwa mzizi nilipokuwa chuoni, na hatimaye eksirei ikaonyesha kwamba mzizi umepasuka na maambukizi yanakula mfupa unaouzunguka. Hapakuwa na namna ya kuliokoa. Naeleza historia hiyo kwa sababu wengi hudhani meno ya mbele hutoka kwa kuoza tu, ilhali jeraha la zamani, ugonjwa wa fizi na ajali za barabarani, hasa za bodaboda, huyaondoa kwa wingi pia.

Kwa aliyeng'oka jino zima kwa ajali muda huuhuu, badala iliyo bora kuliko zote ni jino lenyewe. Jino la ukubwani lililotoka pamoja na mzizi wake lishikwe kwenye kichwa, wala si kwenye mzizi, lisuuzwe mara moja bila kusuguliwa, kisha lirudishwe kwenye tundu lake, na ikishindikana litiwe ndani ya maziwa ya baridi na mgonjwa awahishwe kwa daktari wa meno. Matumaini ya kushika tena ni makubwa ndani ya nusu saa ya kwanza, na hupungua sana jino likikaa kavu kwa saa 1. Jino la utoto halirudishwi, kwa kuwa linaweza kuumiza jino la ukubwani linalokua chini yake.

Jino likishang'olewa moja kwa moja, jambo linaloamua mengi ni mfupa. Mfupa uliokuwa umeshika mzizi hupoteza kazi yake na kuanza kupungua. Sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, na ndani ya mwaka 1 upana wa ukingo wa taya mahali pale unaweza kupungua kwa takriban nusu. Kwa meno ya juu ya mbele hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ukuta wa mfupa ulio upande wa nje, nyuma ya mdomo wa juu, ni mwembamba, na mara nyingi haufiki unene wa milimita 1. Kwa hiyo daraja linalotengenezwa mapema mno hubaki na mwanya kati yake na ufizi baada ya kidonda kupona na ufizi kunywea. Kwa hiyo pia, mtu anayefikiria kupandikiza jino anapaswa kumwambia daktari nia hiyo kabla jino la asili halijang'olewa, ili ling'olewe kwa uangalifu na pengine tundu lake lijazwe unga maalumu wa mfupa wa kupunguza kunywea huko.

Kwa sababu ya kusubiri ufizi upone, nilianza na jino la kuvaa na kuvua. Daktari alichukua kipimo cha kinywa kabla ya kuning'oa, hivyo nilitoka kliniki siku ileile nikiwa na jino mdomoni. Kifaa chenyewe ni bamba la akriliki, yaani plastiki ngumu, lenye rangi ya ufizi, linalolala kwenye kaakaa na kushikwa na vikulabu vidogo vya waya kwenye meno ya nyuma. Siku za mwanzo mate hujaa, chakula hupoteza kidogo ladha yake, na matamshi huwa mazito, kwa kuwa ulimi umezoea kufika mahali ambapo sasa pana kitu kingine. Daktari wangu alilishughulikia jambo hilo kwa makini ambayo bado naishukuru. Alinitaka nihesabu kwa sauti kuanzia sitini hadi sitini na tisa, kisha nitamke thelathini, dhahabu, fedha, vifaranga, huku akitazama jinsi ncha ya jino inavyogusa mdomo wa chini kwenye herufi za f na v. Aliona jino ni refu mno, akalitoa, akalisaga ncha yake kidogo sana, akalirudisha na kunianzisha tena kwenye sitini. Alirudia hivyo hadi maneno yalipotoka safi. Yeyote anayetegemea sauti yake kwa kazi, awe mwalimu, mhubiri, wakili au mchuuzi wa sokoni, aombe kufanyiwa jaribio hilo kabla hajaondoka kitini.

Jino la aina hii ndilo la bei nafuu kuliko yote, halihitaji meno mengine kusagwa, na likivunjika hutengenezeka. Watu hulidharau kwa kuwa huvuliwa, nami siungi mkono dharau hiyo hata kidogo. Mtu anayekula, anayezungumza na anayecheka kwa uhuru amepata tiba kamili kwa uwezo wake. Masharti yake ni machache lakini ni ya lazima. Livuliwe usiku, kwanza ili ufizi upumzike, na pili kwa sababu kifaa kidogo cha jino moja kinaweza kumezwa au kuingia kwenye njia ya hewa usingizini. Lisafishwe kwa mswaki na sabuni ya kawaida, lilazwe ndani ya maji safi, na lisiguswe na maji ya moto, maana akriliki hupinda. Lipo pia la bamba la chuma cha kobalti na kromiamu, ambalo ni jembamba na imara zaidi, ingawa gharama yake ni kubwa kidogo na kwa pengo la jino moja sijaona kama linalazimu.

Kuhusu rangi, sisi wa kanda ya kati tuna jambo letu la pekee. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na maeneo yanayolizunguka, yakiwemo ya Singida na baadhi ya vijiji vya Dodoma, yana madini ya floridi mengi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka hutokea na meno yenye mabaka meupe kama chaki au michirizi ya kahawia, na mabaka hayo hayaondoki kwa mswaki. Jino jeupe la dukani likipachikwa katikati ya meno ya namna hiyo huonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Jirani yangu mmoja, mwenyeji wa Manyoni, alipata jino lake kwa fundi aliyemsogeza dirishani, akaweka vipande vya kipimo cha rangi kimoja baada ya kingine karibu na meno yake yakiwa bado na unyevu, akachagua kilichofifia, kisha akachora juu ya jino jipya mstari mwembamba wa kahawia na doa moja jeupe karibu na ncha. Ukimtazama hujui lipi ni lipi. Nasisitiza mambo mawili hapo: mwanga wa mchana na unyevu, kwa kuwa meno yaliyokauka kwa kukaa wazi muda mrefu huonekana meupe kuliko yalivyo, na taa za ndani hupotosha rangi. Mwanamke aliyepaka rangi ya mdomo aifute kwanza.

Sasa nifike kwenye daraja, ambako ndiko moyo wangu ulipo katika suala hili. Daraja la kawaida hutengenezwa kwa kusaga meno mawili ya pembeni pande zote, kuyavika kofia, na kuning'iniza jino bandia katikati ya kofia hizo. Ni tiba nzuri na hudumu, mara nyingi kwa miaka 10 na zaidi, na kwa mtu ambaye meno yake ya pembeni tayari yamevunjika au yana viraka vikubwa, kofia hizo ni msaada kwa meno hayo pia. Lakini kuliandaa jino kwa kofia huondoa zaidi ya nusu ya sehemu yake inayoonekana, na kilichosagwa hakirudi. Baadhi ya meno yaliyosagwa hufa neva baada ya miaka kadhaa, na mengine huoza chini ya kofia bila mwenyewe kuhisi. Kwa mtu wa miaka 30 mwenye meno mazima, hesabu hiyo ni nzito: daraja litahitaji kubadilishwa pengine mara mbili au tatu maishani mwake, na kila badiliko huyakuta meno yale yakiwa dhaifu zaidi. Ni vibaya kumficha mgonjwa jambo hilo kabla ya mashine kuwashwa.

Ipo njia nyingine ambayo nasikitika kwamba haitajwi mara nyingi, nayo ni daraja la kugundisha, ambalo madaktari huliita daraja la Maryland kutokana na chuo kikuu cha Marekani kilichoiendeleza mbinu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jino bandia huwa na bawa jembamba la chuma au la kauri ngumu, na bawa hilo hugundishwa nyuma ya jino la jirani, upande wa ulimi, kwa gundi maalumu inayoshika kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Jino hilo la jirani haliguswi na mashine, au huguswa kidogo sana. Hapo awali mabawa yaliwekwa mawili, moja kila upande, lakini uzoefu umeonyesha kwamba kwa meno ya mbele bawa moja hudumu vizuri zaidi, kwa sababu meno mawili husogea kila moja kivyake wakati wa kutafuna na kuvutana hadi gundi iachie upande mmoja, kisha uozo huanza kimyakimya chini ya bawa lililolegea.

Ndilo nililochagua, baada ya ufizi kupona. Udhaifu wake nauelewa: linaweza kubanduka, bawa la chuma linaweza kulitia jino la jirani kivuli cha kijivu ikiwa jino hilo ni jembamba, na halimfai mtu ambaye meno yake ya chini hugonga kwa nguvu nyuma ya yale ya juu au anayesaga meno usingizini. Kwa aliyeathiriwa sana na floridi, enameli huwa dhaifu na gundi haishiki vizuri, kwa hiyo daktari aipime kwanza. Lakini likibanduka, mara nyingi hugundishwa tena, na jino lililolibeba hubaki zima. Mahindi ya kuchoma sasa nayapukuchua kwa vidole, na muwa naukata kwa kisu.

Jino la kupandikiza ndilo linalokaribia zaidi jino la asili. Mwaka 1965 daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliweka kwa mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titani, baada ya kugundua katika utafiti wake kwamba mfupa hushikamana na madini hayo. Skrubu huingizwa kwenye taya kwa ganzi ya kawaida, huachwa kwa takriban miezi 3 hadi 6 ili mfupa uishike, kisha hufungwa jino juu yake. Meno ya jirani hayaguswi kabisa, na kwa utunzaji mzuri kipandikizi hudumu kwa miongo. Hata hivyo, kinahitaji mfupa wa kutosha, fizi zenye afya na mkono uliozoea kazi hiyo, na hakipaswi kuwekwa kwa kijana ambaye taya lake bado linakua. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wana hatari kubwa zaidi ya kushindwa kwake. Gharama niliyotajiwa ilizidi mshahara wangu wa mwezi, tena pasipo kuhesabu uwezekano wa kuongezewa mfupa. Mwenye uwezo na mwenye mfupa afanye bila kusita. Asiye nao leo anaweza kuanza na daraja la kugundisha na kupandikiza baadaye, jambo ambalo daraja la kusaga humfungia, kwa kuwa meno ya jirani yatakuwa yamekwisha kusagwa.

Kuliacha pengo wazi nako ni uamuzi halali. Wagogo wa zamani waling'oa kwa mila meno mawili ya mbele ya taya la chini, na pengo hilo lilikuwa alama ya utu wao. Anayeliacha leo ajue tu kwamba meno ya pembeni yanaweza kuinamia nafasi hiyo na jino linaloelekeana nalo kurefuka, kwa hiyo akibadili nia baada ya miaka mingi huenda akahitaji kwanza nyaya za kupanga meno.

Kwa wenye kutaka kuanza, hospitali za rufaa hapa Dodoma zina madaktari wa kinywa na meno, na kliniki binafsi ni nyingi. Hakikisha tu kwamba anayekushughulikia amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na uulize mfuko wako wa bima mapema ni aina gani ya jino inagharimiwa. Omba eksirei kabla ya makubaliano. Muulize daktari meno ya jirani yatasagwa kiasi gani, na kama hayatasagwa jino litashikwa na nini. Na jino au daraja likitoka, usilirudishe kwa gundi ya dukani, kwa sababu gundi hiyo huunguza ufizi na kuharibu sehemu ya kushikia. Lisuuze, lifunge kwenye kitambaa safi, ulipeleke lilivyo kwa aliyelitengeneza.