Risasi ya Tano

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu mwaka 2019, katika msitu wa kaskazini mwa Minnesota, nilimpiga dume mmoja kwa umbali usiofika yadi 100, naye badala ya kuanguka akakimbia akichechemea. Nilifuata matone ya damu juu ya majani hadi giza likaingia, nisimpate. Jambo hilo liliniuma sana, kwani bunduki nilikuwa nimeirekebisha shabaha yake wiki moja tu kabla.

Kesho yake sikurudi msituni. Nilikwenda uwanja wa shabaha, nikailaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, nikapiga risasi moja kwa yadi 100, kisha nikazungusha virekebishi vya darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki, ambavyo hutoa mlio mdogo wa "tik" kwa kila hatua ya mzunguko: milio 20 juu, 20 kulia, 20 chini na 20 kushoto, nikipiga risasi moja kila nilipomaliza upande mmoja. Kwa umbali huo kila mlio husogeza risasi takriban robo inchi, hivyo matundu yangepaswa kuchora mraba wa inchi tano, na risasi ya tano kurudi kwenye tundu la kwanza. Yangu ilitua karibu inchi tatu pembeni.

Niliiandikia kampuni iliyoitengeneza darubini, ikanijibu kwamba bila shaka pete za kuifungia kwenye bunduki zimelegea, ingawa barua yangu ilieleza wazi kwamba nilizikaza kwa spana yenye kipimo. Nikaazima darubini ya ndugu mmoja wa Kigoma, nikaifunga kwenye pete zilezile na bunduki ileile, nikapiga mraba uleule, na risasi ya tano ikarudi ilikoanzia.

"Kaka, bunduki yako haina kosa," akaniambia. "Wapelekee karatasi zote mbili za shabaha."

Nilizituma pamoja na darubini yenyewe. Baada ya wiki sita ilikuja mpya, na barua fupi ikieleza kwamba springi inayolisukuma bomba la ndani kwenye skrubu za kurekebishia ilikuwa imechoka. Nawashukuru kwa kuibadilisha bila malipo, lakini bado naamini walipaswa kuomba karatasi za shabaha kabla ya kulaumu pete, kwa sababu mwindaji haioni springi. Anauona msalaba wa kulengea tu ndani ya darubini, nao siku ile ulikuwa umetulia kabisa nyuma ya bega la yule dume.

Mwishoni mwa Januari, theluji ikiwa imefika magotini, niliurudia mraba uleule. Risasi ya tano ilipanua tundu la kwanza.