Siku moja maishani mwangu: karani wa mikutano ya nchi jirani, Kisumu

Majirani zangu wa Nyalenda wakisikia kwamba nafanya kazi kwenye mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, swali lao la kwanza ni kama nimewahi kumpa rais mkono. Marais huja mwisho kabisa. Kabla yao hukaa mawaziri, kabla ya mawaziri hukaa makatibu wakuu, na kabla ya wote hao hukaa wataalamu, ambao picha zao hazitoki gazetini. Mimi ni karani wa wataalamu.

Saa kumi na moja alfajiri naamka. Saa kumi na mbili na nusu bodaboda ameshanishusha hotelini na nimeanza kupanga ukumbi: vibao vya majina, maji, karatasi, bendera. Bendera nazikagua moja moja kwa mkono. Jua la Rwanda lazima likae juu, kwa sababu kuna mjumbe atakayeliona likiwa chini kabla hajaketi, na hapo mkutano umeanza kwa kinyongo.

Leo bendera ni tano, za nchi za bonde la Ziwa Victoria. Dereva mmoja ameniuliza Rwanda na Burundi zinatafuta nini hapa na hazina ufuo. Nimemweleza kuwa maji ya nchi hizo huingia ziwani kupitia mto Kagera. Ndiyo maana Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake hapa Kisumu, ni ya nchi zote tano.

Kuanzia saa tatu hadi chakula cha mchana: ufunguzi, ajenda, mada, maswali. Mimi naandika tu.

Hoja kubwa ya leo ni uokoaji ziwani. Hakuna ukumbini aliyesahau meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, wala kivuko cha MV Nyerere kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa. Mvuvi wa Sio Port akisukumwa na upepo usiku, hachelewi kuingia maji ya Uganda. Akipinduka huko, nani anamfuata? Shangazi yangu anauza omena Kibuye, na vijana wanaomletea mzigo ndio hao ninaowaandikia. Kwangu hili si jambo la karatasi.

Saa kumi na moja jioni ndipo kazi yenyewe inapoanza: kupitisha ripoti. Naiweka ukutani kwa projekta, mwenyekiti anasoma aya moja, wajumbe wanakubali au wanarekebisha, nami naandika huku wote wakitazama vidole vyangu. Aya kumi na tatu zimepita bila shida. Ya 14 inasema boti ya uokoaji ivuke mpaka mara moja inapopata taarifa ya ajali. Kiongozi wa ujumbe mmoja akainua kibao chake.

"Dada, weka hapo: baada ya kupata kibali."

Ukumbi ukachemka. Mwenyekiti akaniagiza niyatie maneno hayo kwenye mabano, maana yake hayajakubaliwa. Mabano yakibaki, hoja inapanda kwa makatibu wakuu ikiwa na ugomvi wake, na huko mara nyingi huahirishwa. Maamuzi ya marais hupita kwa kauli moja, kwa hiyo nchi moja ikikataa, hakuna uamuzi. Hata kutokuwepo kunatosha: mwishoni mwa mwaka 2018 kikao cha marais kule Arusha kiliahirishwa kwa sababu Burundi haikutuma mwakilishi na akidi haikutimia.

Mheshimiwa akatoka kupigia simu wakubwa wake. Hawakushika. Akarudi, akatoka tena. Chai ikapoa. Stima zikapotea, jenereta ikakawia, na ziliporudi ikabidi niiwashe projekta upya. Mgongo unauma, macho yanawasha, na siwezi kutoka hata kidogo kwa sababu lolote likisemwa nisipokuwepo halitaandikwa. Mjumbe mmoja akalala kwenye kiti. Mwingine akaanza kuuliza kwa hasira kama maji ya ziwa nayo husubiri kibali. Nilitamani kumpigia makofi, lakini karani hapigi makofi.

Sijui ilikuwa saa ngapi simu iliposhikwa. Mheshimiwa aliingia na sentensi mpya kwenye kijikaratasi: boti itavuka mara moja, na itaijulisha mamlaka ya upande wa pili ikiwa njiani. Mwenyekiti akauliza mara mbili kama kuna pingamizi. Hakuna. Nikafuta bano la kushoto, nikafuta la kulia.

Baada ya hapo ni printa. Kila kiongozi wa ujumbe hutia herufi za jina lake kwenye kila ukurasa na sahihi kamili kwenye ule wa mwisho, nami nakagua nakala zote kabla mtu hajaondoka, kwa sababu ukurasa mmoja ukikosa herufi nitatafutwa mimi. Nimechoka sana, na nimeifurahia siku hii kuliko nyingi.

Shangazi ameandika kuuliza kama tumemaliza. Nimemjibu kwamba aya imepita kwa wataalamu. Kesho saa tatu makatibu wakuu wanaanza, kisha wanakuja mawaziri, kisha marais. Vibao vya makatibu wakuu bado sijavichapisha.