Ua hili si langu

"Ua hili si langu, mwanangu."

Hayo ndiyo maneno. Mama mkubwa aliyasema Jumapili jioni akiwa amesimama kando ya tuta langu, pochi ikining'inia kwenye kiwiko, na tangu hapo nayasikia nikiosha vyombo, nayasikia nikipiga foleni benki, niliyasikia hata katikati ya kikao ambacho meneja mpya alitutangazia kwamba idara yetu inaunganishwa na ile ya ghorofa ya chini. Idara inaunganishwa. Mdogo wangu kapata binti, mama na mtoto wazima. Na mimi nawaza ua.

Nilimjibu nini? Nilisema, "Ni lako, Mama mkubwa. Si lile shina ulilonipa?" Akalitazama tena, akainama, akagusa petali moja kwa ncha ya kidole. "Haya," akasema. Kisha akauliza kama gari limeshafika.

Mnaomjua Mama mkubwa mnaijua hiyo "haya" yake. Ipo haya ya kukubali, na ipo haya ya kukuachia na ubishi wako mpaka dunia ikufundishe. Hii ilikuwa ya pili.

Mtakumbuka lile shina. Nilipohamia nyumba hii alichimba mwenyewe kwenye safu yake ya agapanthasi, yale maua madogo ya tarumbeta yanayokaa kichwa kimoja juu ya bua refu, akalichana fungu kwa kisu chenye meno maana mizizi ilikuwa imeshikana haikubali uma, akanikabidhi kipande kilichofungwa kwenye gazeti. Mizizi minene, myeupe, kama vidole vya mtu aliyeloweka nguo kutwa. Akanipa na masharti: usipande kivulini, usilizike shingo, na usilimwagilie kila siku kwa huruma, halihitaji huruma yako. Safu ile ameianzisha tangu siku za ndoa yake, mimi sijazaliwa. Kila inapobanana sana na maua kupungua, huichimba, huigawa, huirudisha ardhini. Hajawahi kununua mche mwingine. Marehemu mama alikuwa na kipande. Shangazi ana kipande. Kwa hiyo mtu akikusimamia kwenye bustani yako akakwambia si langu, anakwambia nini hasa?

Usiku wa kwanza niliamua anamaanisha nimeliharibu. Rangi imepauka, bua jembamba, nimelitunza vibaya mpaka haliwi lake tena. Nikakasirika peke yangu kitandani. Baba watoto akaniambia nilale.

Usiku wa pili nikaamua ni kinyongo cha lile suala la kiwanja. Tulidhani limeisha, sote tulikumbatiana, lakini Mama mkubwa huwa hasemi jambo mahali pake. Hulibeba, akalitua kwingine. Si langu. Yaani wewe pia si wangu.

Halafu ikaja ile ya tatu, iliyonitoa usingizini kabisa. Juzi juzi kwenye simu aliniita kwa jina la marehemu mama. Nilicheka, naye akacheka. Lakini ukiweka simu ile kando ya ua hili, unapata picha ambayo sitaki kuitazama. Mtu anayesahau mmea aliokaa nao maisha yake yote atasahau nini kinachofuata?

Nikaanza kuirudia ile sauti. Alisema "mwanangu" kabla ya kugusa petali au baada? Alisita kabla ya "haya"? Nilimuuliza baba watoto, yeye alikuwa amesimama palepale. Akasema hakumbuki, alikuwa anaangalia mpira kwenye simu.

Alhamisi asubuhi sikwenda kazini mapema. Nilichukua uma wa bustani na kisu, nikachuchumaa mbele ya tuta. Sikuwa na nia ya kuchimba, mmea ukiwa umechanua hauchimbwi. Nilitaka tu kutazama bila mtu pembeni.

Ukilitazama fungu kwa mbali ni moja: majani marefu yaliyopinda kama yote, na bua moja limepanda karibu mita, juu yake kichwa cha maua madogo ya tarumbeta. Lakini nilipoyapekua majani kwa mikono, chini kabisa yanapotoka ardhini, hayakuwa fungu moja. Yalikuwa mawili. Upande wa ukuta majani mapana, kijani kizito, yamejipanga mawili mawili kwa nidhamu, na hayana bua hata moja. Upande wa mbele, yamejibana kwenye fungu lile, majani membamba zaidi, kijani cheupe, na kwenye kitako yana wekundu kidogo kama uchafu wa divai. Nilifuata bua kwa kidole kutoka kwenye maua hadi chini. Linatoka kwenye hayo membamba.

Nikaenda kuitafuta picha ya safu ya Mama mkubwa kwenye simu. Yake ni buluu iliyokolea, na kila petali ina mstari mzito zaidi katikati. Hili la kwangu ni buluu ya maziwa, mstari wake hauonekani mpaka ulisogeze machoni.

Mbegu! Ilianguka mbegu.

Kipande kilichogawanywa ni mmea uleule, hauwezi kubadilika rangi kwa kukaa kwa watu. Mbegu ni habari nyingine, inatoka na sura yake. Na kwa Mama mkubwa mbegu haianguki, kwa sababu maua yakinyauka tu anakata mabua yote, anasema nguvu irudi chini kwenye mizizi. Mimi sikati. Napenda vile vichwa vikavu vikibaki wima, vile vifuko vya pembe tatu vinapopasuka na kutoa mbegu nyeusi, nyembamba, kila moja na kibawa chake. Kibawa chenyewe hakiendi mbali, nyingi huanguka miguuni kwa mama yao. Mche wa mbegu huchukua miaka mitatu hivi au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza, na muda wote huo majani yake ni majani tu, nani angeyatofautisha?

Na baba? Jirani ng'ambo ya uzio ana agapanthasi nyeupe, mstari mzima. Nyuki hawaombi ruhusa. Nilicheka peke yangu pale chini mpaka jirani mwenyewe akauliza kulikoni, nikashindwa kumweleza kwamba huenda tumekuwa wakwe.

Yaani mwanamke yule, bila miwani, jioni, kwa mtazamo mmoja, aliona kwamba ua lile si lake. Na halikuwa lake. Sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi namna hii kwa kukosolewa.

Kuhusu jina la marehemu mama, hilo naliacha. Wote wa rika lake huita watoto orodha nzima kabla ya kufika kwa anayetakiwa.

Sasa lake halisi, lile la majani mapana, limekaa tu linanenepa. Mti wa pale pembeni umetanda tangu nilipolipanda, jua linalifikia saa za asubuhi peke yake, na agapanthasi kivulini hutoa majani mazuri sana na basi. Na samadi ya kuku niliyokuwa namwaga kwa ukarimu imechangia, mbolea ya namna hiyo inalisha majani. Huu ni mmea wa kusini mwa bara letu, Afrika Kusini, Lesotho, Eswatini, Msumbiji, na huko mwituni huota hata katikati ya miamba. Mizizi yake inajiwekea maji, ukame unapita juu yake. New Zealand umezoea mpaka umekuwa gugu, watu wanapambana nao. Mmea wa aina hiyo unauwekea samadi ya kuku ya nini?

Maua yakiisha nitachimba yote mawili, niyatenganishe, lake nilisogeze mbele kwenye jua kamili. Huenda likanuna msimu mmoja bila kuchanua, hiyo ni kawaida yake likihamishwa, litapata fahamu. Nitavaa glavu, utomvu wake unawasha ngozi. Baba watoto ametoa wazo kwamba lile chotara tulipeleke kwa mdogo wangu kama zawadi ya binti aliyezaliwa, ua jipya kwa mtoto mpya. Ni wazo zuri mno, limenikera. Chotara linabaki hapahapa, kando ya uzio, limtazame baba yake.

Mama mkubwa bado sijampigia. Ninajua nitasema nini, na ninajua atajibu "haya," ila safari hii nataka kuisikia ana kwa ana.

Jambo jingine. Mita ya maji inazunguka. Nimefunga koki zote, nimefunga hadi ile ya tangi, nimekaa mbele yake kwa tochi, na bado kile kigurudumu chekundu kinazunguka polepole. Fundi amesema kesho. Jana pia alisema kesho.