Viwakilishi vya Kiingereza kwa Aliyelelewa na Kitenzi cha Kiswahili

Hapa Kigoma, ambako wanafunzi wengi huingia kidato cha kwanza wakitoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na nyumbani wakizungumza Kiha, sentensi kama "My mother he sells migebuka at Kibirizi" huonekana katika madaftari kila muhula (migebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika, na Kibirizi ni mwalo wa hapa). Aghalabu hukatwa kwa wino mwekundu na jibu sahihi likaandikwa juu yake bila maelezo. Mimi naamini inastahili kusomwa polepole, kwa sababu makosa yake mawili hayatokani na uvivu. Chanzo chake ni kitenzi chetu.

Tunaposema "mama anauza migebuka", kiambishi "a-" kinamrudia mama ndani ya kitenzi, wala hakijali kama mtendaji ni mwanamke au mwanamume. Kiha nacho hakitofautishi jinsia hapo. Kitenzi cha Kiingereza, ukiacha ile "s" ya "sells", hakibebi kiambishi cha nafsi. Hivyo kiima kikishatajwa kwa jina, kiwakilishi hakihitajiki tena: "My mother sells migebuka". Jina lisipotajwa, kiwakilishi ni lazima kiwepo, tena kichaguliwe: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke, "it" kwa kitu na kwa kawaida kwa mnyama. Mnyama huwatatiza wengi, kwa kuwa kwetu mbuzi anakula na mtu anakula, kiambishi ni kilekile.

Baada ya kitenzi au kihusishi, "I" huwa "me", "he" huwa "him", "she" huwa "her", "we" huwa "us" na "they" huwa "them", ilhali "you" na "it" hazibadiliki. Hilo hukaririwa likaisha. Kigumu zaidi ni kirejeshi. Katika "samaki niliyemnunua", samaki ametajwa mara mbili ndani ya kitenzi kimoja, kwa "-ye-" na kwa "-m-", na ndiyo maana mwanafunzi huandika "the fish which I bought it". Neno "which" limekwisha kuchukua nafasi ya yambwa, kwa hiyo "it" inaondoka: "the fish which I bought". Akiwa mtu, tunatumia "who".

Kuhusu vimilikishi, "my" na "her" hutangulia nomino, ilhali "mine" na "hers" husimama peke yake: "This is her canoe", "This canoe is hers". Hapa, kwa maoni yangu, ndipo walimu tunapopaswa kukaa muda mrefu kuliko penginepo. Kiswahili hupatanisha kimilikishi na kitu kinachomilikiwa, ndiyo maana tuna mtumbwi wake, kasia lake na nyavu zake. Kiingereza humtazama mwenye mali, kikasema "his" kwa vyote vitatu kama ni vya mwanamume, na "her" kama ni vya mwanamke.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni kuwapa wanafunzi aya fupi ya Kiswahili kuhusu mvuvi na mkewe, iliyojaa "wake", "lake" na "zake", na kuwataka, kabla ya kuandika neno lolote la Kiingereza, waandike juu ya kila kimilikishi kitu hicho ni cha nani kati ya wawili hao.