Nyuzi saba, na Krismasi bila kuogelea Chemka

Tarehe 12 Desemba nilikuwa Kibosho kwa bibi, nakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Panga likateleza kwenye utomvu, likanipata kwenye muundi. Maumivu sikuyasikia mwanzoni, niliona tu kandambili imejaa damu. Nikakandamiza kwa kitenge cha bibi, bodaboda ikanipeleka zahanati. Ganzi, nyuzi saba, na sindano ya pepopunda, maana sikukumbuka ya mwisho nilichomwa lini na lile panga hushinda zizini.

Kushonwa kulikuwa kwepesi. Shughuli ilikuwa nyumbani.

Nilimkuta bibi ameshaandaa unga wa kahawa kwenye kisahani. "Mjukuu wangu, hii ndiyo ilimkausha babu yako kidonda." Nikamwambia, "Bibi, nesi amekataza kuweka chochote, hata spiriti." (Spiriti niliiulizia mwenyewe, kumbe inaunguza nyama changa inayoota.) Akaninunia mpaka jioni. Ile kahawa tukainywa.

Siku mbili za mwanzo bandeji haikutakiwa kuguswa na maji kabisa. Nilioga mguu ukiwa juu ya kigoda, umevishwa mfuko wa sembe na kufungwa mpira, kwa kuwa mifuko ya plastiki, zile rambo, ilipigwa marufuku 2019. Siku ya tatu nikafungua. Maji yaliyochemshwa yakapoa, povu la sabuni lipite bila kusugua, halafu nakausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, nafunga upya.

Hapo nikauliza swali lililokuwa limenikaa rohoni: kama maji yanaruhusiwa, kuogelea je? Nesi akacheka. Kumwagia maji na kuloweka ni vitu viwili. Ukikaa majini ngozi inalainika, kingo zinaachana, na vijidudu vinapata njia ya kuingia ndani. Nikajitetea kwamba maji ya chemchemi ya Chemka ni maangavu, unaona mpaka chini. Akasema uangavu hauui vijidudu. Na pale watu wanaingia kwa makumi.

Siku ya tano pembeni ya kidonda pakawa pekundu. Niliogopa, sifichi. Nikachora kwa kalamu kuuzunguka ule wekundu, kesho yake nikaangalia: haujavuka mstari. Ungevuka, au ningeona usaha, harufu au homa, ningerudi zahanati siku hiyohiyo.

Nyuzi zilitolewa tarehe 24, siku ya 12. Za usoni hutolewa mapema, siku ya tano hivi, lakini mguuni huwa siku 10 hadi 14 kwa sababu huku chini pona yake ni ya polepole. Mimi nikajua nimemaliza. Ndugu walikuwa wameshapanda kutoka Dar, na safari ya Chemka ilikuwa tarehe 27.

"Uzi umetoka, ngozi bado," nesi akasema. Likifikisha wiki mbili kovu bado lina nguvu ndogo sana ukilinganisha na ngozi nzima; ukijirusha majini au kujigonga kwenye mzizi linaweza kufunguka. Nisubiri walau wiki moja zaidi, na hata hapo niingie tu kama hakuna gaga wala sehemu yenye unyevu.

Basi tarehe 27 tulitoka Boma Ng'ombe kwenye lile vumbi, wenzangu wakajitosa, mimi nikakaa chini ya mkuyu nikilinda simu na suruali za watu. Binamu yangu akaniita mwoga mara tatu, nikahesabu. Mguu mmoja tu niliutia majini, ule mzima, samaki wadogo wakaja kuutafuna.

Niliogelea katikati ya Januari, gaga limeshaanguka lenyewe na kovu limekauka kabisa. Nilishuka taratibu kwa kushika mizizi, bila kuruka. Ndugu wote walikuwa wamesharudi Dar. Nikampigia binamu picha ya mguu ukiwa ndani ya maji, nikamtumia bila maneno.