Nilivyojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani nikiwa likizo Tanga

Fomu yangu ya N-400, ile ya kuomba uraia, ilikuwa imeshapokelewa na alama za vidole nimeshatoa, nikaja nyumbani Tanga kusubiri tarehe ya usaili. Sikukaa sana, maana ukiwa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo wanaweza kuhesabu kwamba ukaazi wako umekatika.

Wakati ule maswali ya historia na serikali yalikuwa 100. Afisa anakuuliza hadi 10, ukipata sita umefaulu. Lakini anauliza kwa mdomo, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama: jibu unalo, ulimi hautoki.

Aliyenifungua ulimi ni mjomba wangu wa Ngamiani, mwalimu mstaafu. Jioni tukikaa barazani na kahawa, anashika karatasi na kuniuliza kwa Kiingereza, kisha nimfafanulie kwa Kiswahili. Jibu tupu halimtoshi. Nilipomwambia kuna maseneta 100 na wawakilishi 435 wenye kura, akanidaka: "Ngoja kwanza, mwanangu. Na mawaziri wao ni wabunge?"

"Hapana, mjomba. Mbunge akiteuliwa waziri anaachia kiti. Katiba yao inatenganisha mihimili."

"Hapa kwetu waziri lazima awe mbunge," akasema, na tukabishana mpaka adhana ya Isha. Swali la nini kinazuia mhimili mmoja kujilimbikizia madaraka halikunisumbua tena.

Tulipofika kwenye rais wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mjomba akaweka karatasi chini. Akasimulia mapigano ya Tanga ya Novemba 1914: majeshi ya Waingereza kutoka India yalivyoshuka hapa, nyuki wakawavamia, na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawashinda. "Na Wamarekani walikuwa wapi?" Waliingia mwaka 1917, chini ya Woodrow Wilson. Jina hilo halinitoki kichwani.

Mama naye aliuliza kuhusu pasipoti yangu. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na nilimweleza wazi ninachokiacha na kwa nini. Yalikuwa mazungumzo mazito kuliko mtihani wenyewe. Nafurahi tuliyafanya uso kwa uso.

Siku ya usaili, afisa alikaa zaidi kwenye fomu yangu kuliko kwenye historia. Kiingereza chako kinapimwa hapo hapo unapojibu kuhusu kazi, safari na kodi, kwa hiyo isome fomu yako kwa sauti kama unavyosoma maswali. Kuna pia sentensi ya kusoma na ya kuandika, fupi tu.

Walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya: maswali 128 ya kujifunza, unaulizwa hadi 20, unatakiwa upate 12. Majina ya gavana na spika hubadilika, yaangalie upya wiki ya usaili.